Majani Yaliyoharibikia Langoni

Chamgei, ndugu zangu. Mtaniruhusu niongee nikiwa nimekaa, huu mguu wa plastiki unanichoma nikisimama sana. Mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda wa kujenga. Sijui kama huu utawajenga. Nitausema tu vile ulivyokuwa.

Mnanijua, mimi ni mchuma chai kama nyinyi. Makosa yangu ni kwamba nilisaidia wachumaji walioumia mashambani kuandika malalamiko yao, tukayapeleka kwa ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi. Polisi wakanishika shambani, asubuhi ya mvua, nikiwa na gambuti miguuni. Wakasema ni uchochezi, wakanitia jela kungoja kesi.

Asubuhi hiyo kisiki cha mchai kilikuwa kimetoboa gambuti na kunichoma chini ya mguu. Kidonda kidogo tu. Lakini mimi nina ugonjwa wa sukari, na mtu wa sukari hana kidonda kidogo. Niliwaambia siku ya kwanza, nikawaambia siku ya pili. Mzee wangu alileta dawa yangu ya kudunga, wakaiweka kwa dirisha la ofisi, kwa jua, wiki nzima. Dawa inayotaka baridi! Zahanati ya jela ilinipa tembe mbili za maumivu.

Nilipolia, askari mmoja, mama kama mimi, alicheka. "Si wewe ndio wa haki za binadamu? Ambia hizo haki zikutibu." Ndugu zangu, nawaambia, njaa ya jela nimeisahau. Hicho kicheko bado ninacho.

Mguu ukaanza kunuka. Kortini nilimwonyesha hakimu, akaagiza nipelekwe hospitali. Jela wakasema gari halina mafuta. Kila siku gari halikuwa na mafuta, na kila siku nililisikia likitoka.

Na nyinyi mliniombea hapa, milango ikiwa imefungwa. Nashukuru. Lakini hakuna aliyekuja. Mliogopa, na pengine hata mimi ningeogopa. Nasema tu kwa sababu mmetaka ukweli.

Mzee wangu alipoona mguu umekuwa mweusi, aliwaambia wanawake saba wa kituo chetu cha kuuzia chai. Siku hiyo walichuma kama kawaida, lakini hawakwenda kituoni. Walipanda pikapu na vikapu vyao hadi lango la jela, wakaketi chini. Mnajua majani mabichi hayangoji mtu. Kufika saa tisa yalikuwa yameshika joto na kuanza kuwa mekundu.

Mkuu wa jela naye amesomeshwa kwa pesa za chai. Alitoka mwenyewe. "Akina mama, pelekeni majani, lori la kiwanda litawaacha."

Mmoja akamjibu, "Lituache. Huyo mama aende hospitali kwanza." Akaingiza mkono ndani ya kikapu, akatoa konzi ya majani yaliyoharibika, akamwekea mkononi.

Alisimama hapo ameyashika. Nafikiri aliona aibu. Siku hiyo gari likapata mafuta.

Daktari alisema ningefika wiki moja mapema, mguu ungepona. Waliukata chini ya goti. Baadaye kesi ikaondolewa, na hakuna aliyeniambia hata pole. Nimejifunza kutembea upya, na malalamiko ya wachumaji bado naandika. Kusamehe ndio sijaweza. Mchungaji, utanivumilia.

Asante, mzee wangu, ulitembea hiyo barabara kila siku, na mara nyingi hawakukufungulia. Asanteni, akina mama saba. Mlitupa chai ya siku nzima kwa ajili yangu na hamjawahi kunitajia. Wengine wote, shikeni neno moja: mtu akifungwa, msianze kuuliza alifanya nini. Ulizeni kama amepata dawa yake.

Kwa sababu tangu Jumatatu, mwenzangu anayesaidia wachumaji upande wa Litein yuko ndani ya jela ileile. Ana pumu. Mke wake ndiye huyo ameketi kiti cha nyuma, na dawa ya kuvuta iko kwa mkoba wake, imekataliwa langoni mara mbili. Tukitoka hapa naandamana naye hadi lango lile.

Leo msituombee. Twendeni.