Mto wa Ukurasa wa Hamsini na Nane

Ndugu waombolezaji, majirani, nanyi wanafunzi wake wa Jumamosi, mimi ni dada mdogo wa marehemu, mpima ardhi mstaafu, familia imenipa kazi hii kwa kuwa nina mazoea ya tarehe na vipimo, nami nitaisoma kama nilivyoiandika.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa kwanza wa karani wa tiketi na mshona nguo, mimi nikamfuata baada ya miaka minne, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, tukiwa tumejibanza nyuma ya cherehani ya mama, kitabu kimoja, macho manne.

Alimaliza sekondari Novemba 1969, na tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa kuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa magazeti, alikokaa miaka thelathini na mitano kwenye meza ileile karibu na ngazi, na barua ya pongezi ya mwajiri wake inasema hakuwahi kwenda likizo hata siku moja. Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975 na wifi yangu, karani wa posta, wakajaliwa mabinti wawili, wa 1977 na wa 1981.

Januari 1986 nilimpelekea hadithi zangu, daftari tatu, akakaa nazo wiki nzima, kisha akanirudishia na kuniambia, "Mdogo wangu, kalamu huna. Wewe niandikie barua tu." Nilimtii.

Mwaka 1994 alitoa kitabu chake cha safari, na wanafunzi mnakumbuka alivyowafundisha kwamba mwandishi huokota maneno yake msituni, kando ya mito, barabarani, kwenye vitabu vya wenzake, kisha huyapanga kwenye kona tulivu yenye chai ya moto, nami nilijivunia kaka huyo, kila nikirudi kutoka kambi za upimaji namwomba nakala, naye kila mara akisema zimekwisha, nikae kwanza pale kwenye benchi la jikoni, ninywe chai.

Jumanne wiki hii, nikitafuta cheti cha ndoa kwa ajili ya tarehe hizi, nilifunua ubao wa kukalia wa benchi hilo, ambalo chini ni sanduku, nikakuta nakala thelathini na moja za kitabu kile, na chini yake barua zangu zote za kambini tangu 1979, zimepigwa mistari kwa kalamu yake nyekundu, kila penye "kaka mpendwa" pamekatwa. Nilikisoma nimesimama. Hema ni langu, mvua ni yangu, hata kosa la ukurasa wa hamsini na nane ni langu, pale nilipoandika nikiwa na homa kwamba mto unaelekea kaskazini, kosa ambalo msahihishaji yeyote aliyewahi kuuona mto ule asingeliacha lipite.

Ugonjwa wa figo ulimzidi tarehe 2 Mei 2016, akalazwa, nikamuuguza siku kumi na tisa, nikimnywesha maji kwa kijiko, na siku moja akaniuliza, "Ule mto, unaelekea wapi hasa?" Nikamjibu ni kusini, nilikosea kuandika, akageukia ukutani, nami nikadhani ni maumivu. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Mei, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na nafasi yote ya kuniambia, asiniambie.

Wifi yangu, ambaye barua zile zilipita mikononi mwake posta, jana aliniomba niruke sehemu hii. Nimeshindwa, wifi. Nimesalitiwa nyumbani kwetu, tena kwenye benchi nililokalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji na viti, na wachapaji wenzake mliokuja na sare za kazi. Nakala zote ziko mezani pale mlangoni, chukueni, ukurasa wa hamsini na nane nimeusahihisha katika kila moja kwa kalamu yake nyekundu, ila jina la kwenye jalada sikuligusa, maana mwenye kulisahihisha alikuwa yeye.

Kaka, nilikupenda. Pumzika kwa amani, yangu mimi bado naitafuta.