Mama Nyoosha na Bega Lililoambiwa Limepona

Baada ya miaka thelathini na moja katika idara ya mazoezi ya viungo, mwenzetu ambaye hospitali nzima inamwita Mama Nyoosha anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila kuna mahali hasira itanizidi, na wakubwa wakikunja uso, basi wakunje.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Alianza kazi akiwa binti mwembamba, akakabidhiwa chumba cha chini kilichopakana na chumba cha dobi: mvuke, harufu ya sabuni, baiskeli moja isiyokwenda popote na kioo chenye ufa. Vifaa vilipokosekana, alimsumbua mumewe, fundi seremala, mpaka akamchongea ngazi ndogo ya ukutani, ile ambayo wenye mabega mabovu huipanda kwa vidole. Wagonjwa wanaipanda mpaka leo. Huruma yake ilikuwa na kelele. "Nyoosha, mwanangu! Mkono ni wako huo, hujauazima!" Daktari mkuu wa upasuaji alipokuja na shingo iliyokakamaa, akajielekeza kitandani moja kwa moja, alioneshwa benchi. "Foleni inaanzia pale, baba." Akakaa, akasogezewa nafasi na mwashi aliyevunjika kiwiko.

Sasa nije kwenye lile ambalo kila mmoja wetu analijua na halijawahi kuandikwa humu.

Aliletwa kwetu fundi cherehani, mama wa watoto watatu, aliyegongwa na gari akivuka barabara kwenye kivuko. Bega la kulia lilichanika ndani. Kampuni ya bima ya yule dereva ilikubali kugharamia mazoezi yake na kumlipa sehemu ya kipato mpaka apone. Alikuwa anakuja, anapanda ngazi, analia, anacheka, na mkono unapanda. Alishafika usawa wa macho.

Kisha kampuni ikakata kila kitu. Daktari wao aliandika kwamba jeraha limepona na maumivu yaliyobaki yanatokana na umri. Umri! Mama wa watu ana miaka thelathini na minane! Na nyumbani kwake chakula kinatoka kwenye cherehani, wala hakuna mkono mwingine wa kuisukuma.

Mama Nyoosha alitakiwa na utawala wetu naye aandike kwamba matibabu yamekamilika. Alikataa. Akaanza kumhudumia yule fundi wakati wa mapumziko ya mchana, bila malipo. Ofisa utawala akashuka mwenyewe mpaka chini.

"Hapa si nyumba ya sadaka, mama."

"Kweli kabisa. Ndiyo maana natumia saa yangu ya kula. Njaa ni yangu, bosi, haijakuomba kitu."

Kesho yake tulikuta amri: chumba kifungwe wakati wa mapumziko ya mchana. Kampuni ile ilikuwa inatuletea wagonjwa wengi, na hakuna aliyetaka kuiudhi. Mlango ukafungwa, na bega la yule mama, lililokuwa limebakisha kidogo tu, likaganda. Tulilitazama likiganda. Hilo ndilo linalonichemsha mpaka leo.

Fundi alikata rufaa, na shauri likafika kwenye baraza la rufaa za bima baada ya miezi saba. Mama Nyoosha aliomba ruhusa, akanyimwa, akaenda kwa likizo yake. Nilimsindikiza. Kilikuwa chumba kidogo chenye feni inayolia na viti vya plastiki. Karani alimtaka fundi anyanyue mkono wa kulia ale kiapo. Ukapanda hadi kifuani, ukagoma.

"Juu kidogo, mama," karani akasema.

Alijaribu. Jasho likamtoka, akauma mdomo, mkono ukabaki pale pale. Wakili wa kampuni akacheka puani. "Mheshimiwa, haya ni maigizo."

Mama Nyoosha alikuwa ameonywa asiseme mpaka aulizwe. Alisimama.

"Maigizo? Mmemfungia matibabu mpaka bega limeganda, leo mnamcheka? Huyo daktari wenu amewahi kumshika huyu mama? Hata kumuona?"

"Kaa chini, mama," mwenyekiti akamwambia.

"Nitakaa nikijibiwa."

Nilidhani tunatolewa nje. Mwenyekiti akamgeukia wakili. "Jibu. Daktari alimpima?" Yule bwana akapekua makaratasi yake, akasema daktari alisoma faili tu, ofisini kwake. Hapo ndipo Mama Nyoosha akakaa.

Fundi alirudishiwa mafao yake yote. Tulipiga vigelegele kwenye ngazi za jengo la baraza, naye akatukumbatia kwa mkono mmoja. Kwa sababu huo wa pili ulikuwa umechelewa. Alirudi mazoezini mwaka mzima, na bega halikufika tena pale lilipokuwa limefika kabla ya mlango kufungwa. Leo anashona nguo za watoto. Mapazia na magauni makubwa, yaliyokuwa yakimlisha, ameyaacha. Hakuna aliyemwomba radhi, si kampuni, si sisi. Mama Nyoosha naye alipewa onyo, na nafasi ya ukuu wa idara ilipotokea ikampita mara mbili. Hakuwahi kulalamika mbele yetu. Nalalamika mimi kwa niaba yake.

Mama, asante kwa kutufundisha kazi na kutufundisha ubishi. Mume wako ametuambia ana mpango wa kukupikia yeye, tunakuombea tumbo lenye nguvu. Jumanne baraza linakaa tena: mpishi wa shule aliyegongwa na pikipiki, na bima imeandika kwamba goti lake lilikuwa bovu tangu zamani. Tunajua umeshasikia, na tunajua umeshapiga pasi gauni. Lirudishe kabatini. Tutakwenda sisi, watatu, na tumekubaliana kwamba hatukai chini mpaka tujibiwe. Wewe pumzika, ule vizuri, ulale mpaka jua lipande. Heri na afya ziwe nawe siku zote.