Nilivimba Miguu, Wifi Akaita Dharau

Ndugu zangu wa kikundi, naongea nimekaa, mnivumilie. Sukari ninayo mwaka wa kumi na nne, na leo nimekuja na hasira zangu.

Kwetu Makere mwanamke akisalimia wakubwa hupiga magoti na makofi, salamu ikafika mpaka habari za mbuzi. Basi miguu yangu ikaanza kuvimba na kuuma. Ukibonyeza, shimo linabaki. Nikashindwa kumpigia magoti wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mama we! Akautangazia ukoo mzima: "Huyo kashiba, anatudharau." Msibani akanipita kama kisiki.

Nawaambia, niliapa nitampigia magoti mpaka aone haya. Nikanunua dukani vidonge vya maumivu, asubuhi viwili, jioni viwili, miezi mitatu. Na magoti nikayapiga kweli! Uso ukavimba, mkojo ukapungua, pumzi ikanikata. Nikapelekwa hospitali Kasulu. Daktari akasema, "Bibi, sukari ilishazichosha figo. Vidonge hivi ndivyo vinazimaliza." Nililia. Figo zangu, kwa ajili ya salamu!

Nikainuka polepole: chumvi kidogo, maji kwa kipimo nilichopewa, kidonge cha kukojoza kila asubuhi hata siku ya ibada, na kupanda mizani. Figo hazijapona, ila zimeshikilia.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita nilimkuta wifi dukani. Naye ana sukari. Miguu imefurika kwenye kandambili, mkononi ana vidonge vilevile. Moyo ukaniambia, nyamaza, na yeye aonje. Nikanyamaza. Nikaenda zangu, nikala ugali kwa raha. Siku mbili nilifurahi, msinitazame hivyo!

Siku ya tatu nikaenda kwake, nikamnyang'anya vile vidonge, nikavimwaga chooni. Akafoka, "Una wazimu?"

Nikamwambia, "Wifi, ukifa sasa nitamkasirikia nani? Panda bodaboda, ukapimwe figo."

Akapanda, ananuna.

Namshukuru mke wa mwanangu aliyenipikia mboga zisizo na chumvi huku namtukana, na muuguzi aliyenifundisha vidonge vyangu kimoja kimoja. Nanyi mkivimba, msijitibu maumivu kimyakimya. Kapimeni.

Wifi anaendelea vizuri. Sijamsamehe. Jumapili alikuja kuniona. Kwetu mdogo, yaani mimi, ndiye huanza salamu. Mimi nikakaa kitini, nikanyamaza, mpaka akaanza yeye.