Mama Mkasi, Aliyengoja Kusomwa na Kaka Yake

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na kaka yake mkubwa, ambaye kati ya watoto wanne wa tumbo moja ndiye pekee aliyebaki, nanyi mtamvumilia, kwa kuwa husoma polepole.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, akiwa kitinda mimba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga unga, ambako kuta zilitetemeka kutwa nzima, hata mama yao akawa anasema kwamba mtoto huyu alibembelezwa na mashine. Baba yao alifariki mwaka 1960, na kaka yake, aliyekuwa amesoma miezi mitatu tu, akaenda kubeba mizigo ghalani, hivyo mdogo wake akapata kuanza darasa la kwanza tarehe 10 Januari 1966 na kumaliza la saba Desemba 1972.

Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, akawekwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, akadumu hapo miaka thelathini na tisa, na hapo ndipo alipopewa jina la Mkasi, ambalo watoto walipozaliwa likawa Mama Mkasi. Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979 na fundi saa, mtu mpole aliyesikiliza kuliko alivyosema, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, hadi mume alipotangulia tarehe 30 Juni 2003.

Baada ya msiba ule alirudi kwenye daftari, akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea, akafeli, akarudia, akafaulu, na tarehe 7 Septemba 2009, akiwa na miaka hamsini na mmoja, akaingia chuoni kusomea uandishi katika masomo ya jioni, ambako siku ya kwanza darasa zima lilisimama likidhani ndiye mhadhiri, naye akawaambia, "Kaeni, wanangu, hata mimi nimekuja kufundishwa."

Insha yake ya kwanza ilihusu mtu anayemheshimu, akajaza kurasa sita za kumsifu kaka yake, mchapakazi, mwenye busara, asiye na doa, na mwalimu, kijana wa rika la mwanawe, akamwandikia pembeni, "Mama, huyu ni malaika, na malaika hawavai viatu. Huyu wako anavaa viatu gani?" Alirudi nyumbani asiweze kuvikumbuka viatu hivyo, naye alikuwa amekula meza moja na mtu huyo zaidi ya miaka hamsini.

Ndipo akaanza kutazama. Alitazama kama alivyopima kitambaa, bila haraka, akaandika, akazitandaza karatasi juu ya meza, akazikata vipande kwa mkasi, akavipanga upya na kuvibana kwa pini, hata mwalimu akalalamika kwamba kila akisahihisha kazi ya Mama Mkasi anachomwa vidole. Katika kutazama huko aliona kwamba kila Jumamosi, kwa kinyozi, kaka yake alifungua gazeti, akageuza kurasa kwa utaratibu wa mtu msomi, lakini alicheka baada tu ya kinyozi kucheka, akajua jambo ambalo kaka huyo alikuwa amelificha maisha yake yote. Akaliandika.

Ulimi hauna mfupa, na binti aliyekuwa akimchapia kazi zake alisimulia, habari ikamfikia mwenyewe. Kaka yake hakukanyaga nyumba ile kwa miezi minane, akatuma neno moja tu, "Mwambieni mtu haanikwi kama nguo."

Mama Mkasi aliitoa hadithi ile katika mswada wake. Alihitimu tarehe 22 Novemba 2013, na mwaka 2015 mchapishaji alipomwambia kwamba kitabu bila hadithi ile ni nyumba isiyo na mlango, alijibu kwamba haitatoka mpaka mwenyewe aisome kwa macho yake, asisomewe na mtu, kisha aseme ndiyo au hapana. Watu walimwambia anamngoja mzee wa miaka sitini na sita ajifunze a, e, i, o, u, naye akasema, "Yeye alinibebea magunia nikasoma. Mimi kungoja kutanishinda?"

Kaka yake alipoambiwa maneno hayo alianza kujifunza kusoma, bila mwalimu, kwa mifuko ya saruji aliyoijua kwa sura, akahamia vibao vya maduka, na figo za mdogo wake zilipoanza kushindwa Februari 2017, akasoma pakiti za dawa zake. Tarehe 3 Juni 2018 akaomba ile hadithi, ikamchukua siku kumi na tisa, na ndani yake akakuta viatu vyake, cha kushoto kimelika upande wa nje kwa sababu ya bega alilobebea mizigo, akavua, akatazama, ikawa kweli, naye alivivaa miaka yote asijue.

Akaenda wodini, akamwambia, "Umesema gazeti nililishika juu chini. Uongo." Mgonjwa akafikiri, akakiri, "Hapo sikutazama, kaka, hapo nilisikia watu wanavyosema. Kalamu hiyo, rekebisha." Kaka akaandika sentensi ya kwanza maishani mwake, nayo ipo ukurasa wa thelathini na moja kama alivyoiandika: "Hakuligeuza, alitafuta kwanza vichwa vya watu kwenye picha, akajua juu ni wapi."

Kitabu kilitoka tarehe 12 Aprili 2019, Mama Mkasi akakishika, na tarehe 21 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, akafariki, akiacha watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kulala naye wodini, wenzake wa meza ya kukatia, mwalimu wake, na kinyozi, aliyejifanya haoni midomo ya mzee ikihangaika na herufi.

Pumzika kwa amani, Mama Mkasi. Ulichokiona umekisema, na aliyeonwa ameridhia.