Ba Dorica na Masikio ya Mwaba

Ba Dorica Chola anastaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya miaka makumi mbili na moja ku kiliniki yetu ya Nchelenge. Kuandika wasifu huu niliomba mimi, Bana Mwaba, ndiyo mama ya Mwaba, mbele ya wengine wote, maana hakuna mutu mwenye sababu kunipita.

Alianza kwa kufagia, akajifunza kuosha vidonda, mwisho akapewa chumba cha watoto. Wavuvi walimwogopa. Ba Patson, mwanaume mukubwa vile, alikimbia sindano akatolewa chini ya wavu wake mwenyewe.

Lakini kazi yake kubwa ni mutoto wangu. Mwaba alitembea mapema kupita watoto wote wa pwani, na uzuri alinifuata mimi. Ila miaka tatu ilikaribia, neno hakuna. Watu walisema Kibemba changu na Kiswahili cha baba yake, anayeuzia Wakongo samaki, vinapigana mu kinywa. Mama mkwe alinoa wembe: Jumamosi atakata kile kiuzi chini ya ulimi, eti ndicho kinafunga maneno. Masikio hakuna aliyeyafikiri, kwani ngoma ya kanisa ikilia, Mwaba alicheza.

Ijumaa nikambeba ku kiliniki, mama mkwe nyuma yangu. Ba Dorica akaomba ngoma, ikawekwa chini nyuma ya mutoto. Akamuinua, miguu isiguse udongo. Ngoma ikapigwa, Mwaba hakugeuka. Akashushwa, akaanza kucheza.

“Huyu anasikia kwa nyayo,” Ba Dorica akasema. “Bana Mwaba, ulimi muuache. Tutibu masikio.”

Mama mkwe akamuuliza yeye amezaa wangapi hata afundishe wazee. Ba Dorica akacheka, akaomba wembe kwa heshima yote, akautia mu mfuko wake. Mpaka leo hajaurudisha.

Akatoa usaha mu masikio, akatia dawa, wiki kwa wiki. Akanifundisha kusema na mutoto uso kwa uso, na kungoja ajaribu kuomba kabla ya kumupa. Nilingoja mpaka chakula kikapoa, nikangoja tena. Siku Mwaba aliposema “isabi”, samaki, aliyekimbia kutangaza kwa majirani ni mama mkwe.

Wamama, shikeni neno lake: mutoto asiyegeuka akiitwa, au anayenyamaza wenzake wakiongea, mumulete. Musingoje akue.

Ba Dorica, asante. Kaa salama kwa dada yako kule Mununga, ule, ulale, uzeeke pole pole. Karatasi hii nimeandika mimi, lakini mbele ya watu ataisoma Mwaba mwenyewe, na waliokaa nyuma kabisa watamsikia.