Dereva wa Tingatinga na Kilima Alichokivisha

Ndugu, jamaa na majirani, familia inawasomea maisha ya babu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Daktari wa Vumbi, kwanza kwa kumcheka, baadaye kwa heshima.

Babu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tatu wa seremala, akasoma hadi darasa la sita, na alipoacha shule aliendelea kusoma kila karatasi iliyomfikia, hata ya kufungia sukari.

Mwaka 1974 aliajiriwa mgodini kuendesha tingatinga, na kwa miaka ishirini na minne alisukuma kifusi juu ya mashamba mpaka kikawa kilima hiki tulichosimama juu yake. Tarehe 2 Agosti 1979 alimwoa bibi yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watano na wajukuu tisa.

Mgodi ulipofungwa mwaka 1998, vumbi la kilima liliingia mpaka kwenye sufuria za bibi, naye babu akasema wazi kwamba aliyekirundika ni yeye, hivyo kukivisha miti ni juu yake. Alipanda miche mia mbili, yote ikakauka. Mwaka 2004 mtaalamu wa udongo alimweleza kwamba kifusi kile kilikosa vijidudu, yaani kuvu na bakteria wanaoishi mizizini na kuilisha mimea, na kwamba wanapatikana kwenye udongo wa msituni. Babu akabeba magunia kumi ya udongo huo, lakini kwa kupenda usafi akauanika juani kwenye mabati siku tatu ili wadudu wafe, kumbe akaua na wale aliowafuata. Mwaka mzima ukapotea. Bibi alimwambia, "Mzee, umealika wageni halafu umewakaanga," na babu akawa anamsimulia kosa hilo kila aliyekuja kujifunza kwake.

Tangu hapo udongo ulikaa kivulini, umefunikwa magunia yenye unyevu, na kila mche ulipewa konzi moja ya udongo huo shimoni. Mjukuu wake aliyekatisha shule kidato cha kwanza alikabidhiwa daftari la vipimo vya miti, akawa anaitwa karani mkuu. Kwa hesabu ya mwisho, miti iliyo hai ni 4,116.

Januari 2023 mapafu yake yalianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, akatutoka, akiwa ameomba azikwe hapa kilimani. Tuliogopa, kwa sababu mwaka 1999 hata shimo la choo liliporomoka hapa. Jana wachimba kaburi walikuja na mbao za kuzuia kuta, wakazirudisha bila kuzitumia, kwa maana mizizi imeshikilia kila upande.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani mliomwagilia miche alipolazwa, madereva wenzake wa mgodini, na mtaalamu wa udongo aliyesafiri siku mbili kufika.

Pumzika kwa amani, babu, kilima kimeshika.