Yeremia Mazengo na Njiwa Wasioandikishwa

Ndugu wafiwa, majirani wa Kintinku, na wageni mliotoka Kilimatinde, Saranda na Manyoni, mbukwenyi. Familia imenituma nisome maisha ya marehemu, na nimeambiwa nisome yalivyoandikwa bila kuruka mahali hata nikiona haya, kwa hiyo atakayechukizwa asinitazame mimi, awatazame walionituma.

Marehemu Yeremia Mazengo alizaliwa Chilonzi, nyuma ya kilima hiki mnachokiona, na tarehe yake haijulikani kwa sababu siku hiyo mama yake hakushika kalamu, alishika nguzo ya nyumba, ila alisema siku zote kwamba ilikuwa mvua ya kwanza baada ya njaa ya Mtunya, na kasisi alipombatiza aliandika mwaka 1920, basi na sisi tunasema 1920. Mwaka 1931 alipelekwa shule ya misheni Kilimatinde, akasoma hadi darasa la pili, akaacha mwaka 1933, na asisingiziwe ada wala ugonjwa, maana alikuwa anakaa karibu na dirisha akitazama ndege waliotua juu ya paa, mwalimu akimuuliza hesabu yeye anajibu habari za ndege, mwisho wakachoshana.

Tarehe 4 Machi 1941 aliajiriwa reli, katika genge la kutengeneza njia kati ya Kintinku na Saranda, akafanya kazi hiyo mpaka tarehe 30 Juni 1964, taruma la chuma, lile linalolaliwa na reli, lilipomwangukia mguuni, na tangu hapo akawa anachechemea, jambo ambalo halikumzuia kwenda popote alipokatazwa kwenda. Tarehe 12 Oktoba 1946 alifunga ndoa na Selina, hapo Kilimatinde, wakajaliwa watoto watatu, Martina aliyezaliwa mwaka 1948, Gabrieli aliyezaliwa mwaka 1951, na Sara aliyezaliwa mwaka 1953 na kufariki mwaka 1955 kwa surua.

Sasa tunafika kwenye njiwa, na wale mliokuwa mnasubiri hapo kaeni vizuri.

Mwaka 1952 marehemu alikuwa na kawaida ya kupanda treni kwenda Manyoni kununua chumvi na mafuta ya taa katika duka la Gokaldas, na mke wa Gokaldas, mama Damyanti, kila asubuhi alimwaga mtama uani kwa ajili ya njiwa, kwa kuwa katika dini yao kumlisha ndege ni sadaka. Marehemu alikaa juu ya gunia akawatazama njiwa wale mpaka mama Damyanti akamwambia, "Mazengo, treni yako imekwenda," naye akajibu, "Itakuja nyingine." Safari ya tatu ya namna hiyo, mama yule akampa jozi moja ndani ya kikapu, akamwambia, "Hawa si wa mchuzi, na ukimla hata mmoja nitajua." Marehemu akauliza atajuaje, akajibiwa, "Utaona haya kuja kununua chumvi." Basi marehemu akaweka mkono juu ya mzani wa dukani, akaapa kwamba yeye na nyumba yake hawatamla njiwa.

Alipofika nao nyumbani, mkewe Selina alifunua kikapu, akafunika, akasema, "Wanaume wenzako wanaleta mbuzi, wewe umeleta kuku waliokonda." Marehemu alichukua mizinga mikuukuu ya nyuki, akaitundika ukutani mwa tembe, na tangu siku hiyo kila akitoka kazini alikaa kwenye kigoda, akamwaga punje kidogo, akawatazama wakipanda, wakizunguka, wakishuka, mpaka jua linazama. Hakuwa anafanya kitu kingine, na familia inalisema hilo wazi kwa sababu kuna watu tayari wanataka kulipaka rangi.

Kijana mwenzake wa genge, Idrissa, ambaye yupo hapa, aliwahi kumuuliza, "Unawauza?" akajibu hapana, "Unawala?" akajibu hapana, "Sasa wana kazi gani?" naye akasema, "Na bao lako, Idrissa, lina kazi gani?" Hapa kwetu mtu akipiga zeze kutwa nzima anaitwa fundi, akicheza bao anaitwa mwerevu, akinywa pombe ya mtama mpaka akasahau mlango wake anaitwa mchangamfu, lakini mtu akikaa kimya akatazama njiwa wake kwenye uwanja wake, kijiji kizima kinataka maelezo.

Tarehe 9 Septemba 1974 malori yalifika Chilonzi kutuhamishia katika kijiji hiki, paa la tembe likabomolewa, tukapakiwa na vyungu, na jiwe la kusagia, na tenga la njiwa. Hapa kila mtoto anajua kwamba njiwa mgeni hufungiwa mpaka azoee, ukimfungua siku ya kwanza anarudi alikotoka, na marehemu alilijua hilo kuliko wote. Tulipofika tulikuta mkutano wa kutupokea, wageni wa wilaya wamekaa mezani, na mwenyekiti wetu wa kijiji, ndugu Antipasi, ambaye naye yupo hapa kwenye kiti cha mbele, akaliona tenga, akafurahi, akawaambia wageni, "Mzee Mazengo amehamia na mifugo yake yote, hata njiwa," watu wakapiga makofi. Selina akanong'ona, "Baba Martina, usifungue," na Selina hakunong'ona mara nyingi katika ndoa hiyo. Marehemu akafungua. Njiwa wakapanda, wakazunguka juu ya meza ya wageni, mmoja akadondosha kwenye kitambaa cha meza yale wanayodondosha njiwa, kisha wakashika njia ya kilimani, wote, kuelekea Chilonzi. Mwenyekiti akauliza, "Mzee, umefanya nini?" na marehemu akasema, "Mimi nimehamishwa, mwenyekiti, lakini hawa hawakuandikishwa." Kina mama wakaficha vicheko ndani ya khanga, wanaume wakatazama viatu vyao, na wasiokuwa na viatu wakatazama miguu.

Kesho yake aliitwa ofisini, akaambiwa amepinga kijiji, na ili alipe kosa awakamate njiwa, awachinje, nyama igawiwe. Akasema hawezi, ameapa. Akaulizwa, "Uliapa kwa nani, kwa Mhindi wa dukani?" naye akajibu, "Niliapa kwa mdomo wangu, na huo nimehama nao." Akapewa adhabu ya kuchimba shimo la choo cha shule, na mguu wake ule mbovu, akachimba mpaka likakubalika, na alipomaliza akaoga, akajaza mtama kwenye kibuyu, akaelekea Chilonzi mchana kweupe. Njiani akamkuta Idrissa, wakati huo ni mgambo, akaulizwa kama anarudi kwenye mahame, akajibu, "Nafuata njiwa." Amri ilikataza kurudi kujenga, ilikataza kurudi kulima, lakini aliyeitoa hakufikiria kwamba kuna mtu angerudi kutazama ndege, basi Idrissa akakuna kichwa, akampisha. Tangu hapo alikwenda kila aliposikia hamu, akitukanwa na akisifiwa, akaketi katikati ya kuta zilizobomolewa, akawatazama.

Mvua za mwisho wa mwaka huo zilipoanza, punje walizopoteza njiwa ziliota pale palipokuwa zizi la ng'ombe, penye samadi ya miaka, na aliyeziona si marehemu, marehemu alikuwa anaangalia juu, aliyeziona ni Selina, ambaye safari iliyofuata alibeba kikapu cha mtama wa njiwa na jembe likiwa chini ya mtama. Shamba la pamoja mwaka 1975 lilikauka mabua yakiwa urefu wa goti, mnakumbuka, na mtama wa kule kwenye mahame ukasimama. Ndipo wale waliomcheka wakaanza kuja mmoja mmoja, "Shikamoo baba Martina, nisaidie jozi," na yeye akampa kila mtu, kwa sharti lilelile la mama Damyanti, na kwa kuwa mzani haukuwepo waliapa mkono ukiwa juu ya kinu cha Selina. Kila mtu akatundika mzinga kwenye hame lake, na kila mtu akiulizwa njiani anasema anafuata njiwa, mpaka Idrissa akasema njiwa wa siku hizi wanatembea na majembe, lakini akawapisha, kwa sababu na yeye alikuwa na jozi yake.

Siku moja mchana akaja mwenyekiti Antipasi, na kikapu, akaamkia vizuri kuliko siku zote, akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za kwaya, na Selina akamwambia, "Mwenyekiti, weka mkono kwenye kinu tumalize, nina kazi." Akaweka, akaapa, akapewa jozi, na marehemu hakumkumbusha habari ya choo. Selina alimkumbusha.

Sasa familia imesikia kwamba hotuba zitakazofuata zitasema marehemu alikuwa mtu aliyeona mbali, aliyefuga njiwa ili kuokoa kijiji na njaa. Familia inakataa. Hakuona mbali, aliona njiwa. Chakula kilitokana na mvua, na samadi, na jembe la Selina, na kama mtama usingeota hata punje moja bado angekwenda Chilonzi kukaa pale na kuwatazama, kwa sababu alipenda, na mtu wa shamba naye ana haki ya kupenda kitu kisichoingia kwenye chungu. Msimnyang'anye mchezo wake sasa hivi kwa kuwa hawezi kujibu.

Mwezi Juni mwaka huu wa 1979 alianza kuumwa kifua, tarehe 2 Agosti akalazwa Kilimatinde, akatibiwa, akapata nafuu, akaomba mwenyewe kurudi nyumbani. Alifariki Jumapili tarehe 21 Oktoba 1979, saa kumi jioni, akiwa kwenye kigoda chake katika uwanja wake wa zamani kule Chilonzi, na wanaosema njiwa walinyamaza kwa huzuni wanatunga, hawakunyamaza, walikuwa wanagombania mtama uliomwagika mkononi mwake.

Jana wazee wa ukoo walikaa, wakaona wageni ni wengi, mbuzi ni mmoja, na mizinga imejaa, wakasema aliyeapa amekufa na kiapo chake. Selina alisimama kuwajibu, lakini kabla hajafungua kinywa alisimama mwenyekiti Antipasi, akasema, "Na sisi tulioapa kwenye kinu cha huyu mama, tumekufa lini?" Familia inalitaja hilo ingawa kumsifu Antipasi kunakwaruza koo. Kwa hiyo hakuna njiwa atakayechinjwa katika msiba huu, kuna ugali na mlenda, na ambaye haridhiki na mlenda, nyumbani kwake kunajulikana. Mizinga haitarithiwa na mtu wala haitafungwa, na anayetaka jozi aje kwa Selina, kinu kipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilimatinde waliomvumilia mgonjwa aliyetaka kitanda cha dirishani, wafanyakazi wenzake wa reli, wanakwaya, majirani mliochota maji na kuchimba kaburi, na mama Damyanti popote alipo tangu walipohama Manyoni, aambiwe, akipatikana, kwamba kiapo hakijavunjwa na chumvi tunanunua bila haya.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu.

Pumzika kwa amani, baba Martina, kuku wako waliokonda wamekwisha kula.